Hela za korona kwa wakulima wa Marekani: zililipwaje, na ujiandaeje kwa zitakazokuja

Wakuu, hii naiandika kwa ajili ya sisi tunaoongea kiswahili tuliopo huku Marekani na tunalima au tunafuga, Mbongo, Mkenya, Mcongo, Mrundi, yeyote, hata kama shamba lenyewe ni robo eka ya mchicha na nyanya chungu au mbuzi nane kwenye eneo la kukodi. Najua kuna mtu atasema korona si imeshapita we unaleta habari za 2020 za nini. Subiri kidogo.

Kwanza nitoe la muhimu. Ile programu kubwa ya korona kwa wakulima inaitwa CFAP (watu wa ofisini wanatamka "sifap") na mlango wake ulifungwa moja kwa moja tarehe 12 Oktoba 2021, kwa hiyo mtu akikupigia simu leo anakuambia anaweza kukuombea hela za korona za mkulima, nipe namba yako ya soshali na dola hamsini, huyo ni mwizi, kata simu. Kuomba misaada ya aina hii kwenye ofisi yenyewe ya serikali (FSA, nitaieleza chini) ni bure, hakuna fomu inayouzwa.

Ila sasa, njia iliyotumika kulipa zile hela ndiyo hiyo hiyo imeendelea kutumika kwenye misaada iliyofuata. Machi 2025 ikafunguliwa nyingine inaitwa ECAP, dola bilioni 10 kwa ajili ya mahindi, soya, ngano na wenzake, na unajua walifanyaje? Wakulima waliokuwa wamesharipoti eka zao ofisini walitumiwa fomu ikiwa imeshajazwa, wao ni kukagua na kusaini tu. Nasi wengine tulikuwa tunasikia kwenye redio. Kwa hiyo ukielewa CFAP ilivyokwenda unajua unatakiwa uwe na nini mkononi kabla janga lingine halijatangazwa.

ILIVYOKUWA, KWA KIFUPI

Aprili 2020 viwanda vya nyama vilianza kufungwa kwa sababu wafanyakazi wanaugua, Smithfield kule Sioux Falls, Tyson wa Waterloo Iowa, JBS wa Greeley Colorado, na wengi mnajua ndugu zetu wangapi wanafanya kazi viwanda vya namna hiyo. Kiwanda kikifungwa nguruwe haendi popote, anaendelea kula na kunenepa, kesho wanakuja wengine banda halina nafasi, kuna wafugaji waliishia kuua mifugo yao na kuifukia. Maziwa yalimwagwa mashambani kwa sababu shule na mahoteli yamefungwa. Bei zikaanguka.

Serikali, kupitia wizara ya kilimo USDA, ikatangaza bilioni 19, ambapo 16 ni hela za moja kwa moja kwa mkulima na mfugaji na 3 zikaenda kwenye yale maboksi ya chakula, mtakumbuka yaliyokuwa yanagawiwa makanisani na watu wanapanga foleni na magari. Hiyo ndiyo CFAP ya kwanza, maombi yakaanza tarehe 26 Mei 2020. Septemba ikaja ya pili, hadi bilioni 14 nyingine, ikafungwa 11 Desemba, halafu serikali mpya ikaifungua tena 5 Aprili 2021 mpaka hiyo Oktoba niliyosema.

Hiyo ya kwanza mbuzi hawakuwemo kabisa kwenye orodha! Ng'ombe wamo, nguruwe wamo, kondoo wadogo wamo, mbuzi hamna. Ya pili ndiyo mbuzi wakaingia, pamoja na sungura, bata na hata mbuni. Kwa hiyo somo dogo hapo, ukisoma orodha ya kwanza na hujajiona usitupe karatasi, fuatilia, orodha zinabadilika watu wakipiga kelele.

HATUA YA KWANZA: PATA NAMBA YA SHAMBA

Hapa ndipo wengi wetu tulipokwama kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ndani ya USDA kuna shirika linaitwa FSA, lina ofisi karibu kila kaunti yenye kilimo, kwa kawaida kajengo kadogo nje ya mji. Wao ndio wanaotunza rekodi za nani analima wapi, na kila shamba lina namba. Kama hauna namba, au jina lako halimo kwenye namba ya shamba unalolima, kwao wewe haupo. Unaweza kuwa unauza sokoni kila jumamosi miaka sita, wateja wanakujua kwa jina, lakini kwenye kompyuta ya FSA ni kama vile hujazaliwa. Watu waliokuwepo tayari kwenye rekodi, CFAP kwao ilikuwa ni simu moja na saini. Sisi wengine tulianza kutafuta namba wakati ofisi zenyewe zimefungia watu nje kwa sababu ya korona, kila kitu kwa simu, kingereza cha kwenye simu nacho mnakijua.

Unachobeba ni kitambulisho, namba ya soshali (au EIN, namba ya kodi ya biashara, kama umesajili biashara), na karatasi inayoonyesha una haki ya kulima hapo. Kama ardhi ni yako ni hati, kama umekodi ni mkataba. Mkataba! Hapa ndipo pagumu kwa sababu wengi tunalima kwa maelewano ya mdomo, mzungu mmoja mzee kanisani kakuambia chukua hako kaeneo nyuma ya ghala ulime mboga, basi. Mwombe akuandikie hata ukurasa mmoja, eneo liko wapi, ukubwa, kuanzia lini hadi lini, unalipa ngapi au bure, mnasaini wote. Mwambie ukweli kwamba ni ya kupeleka FSA. Wengine wanaogopa, wanadhani utawachukulia ardhi au watapandishiwa kodi. Mweleze kwamba wewe unaandikwa kama mpangaji anayelima kale kaeneo tu, umiliki haubadiliki.

Na mara nyingi utakuta hilo shamba tayari lina namba, maana baba yake alikuwa analima mahindi na kupokea ruzuku tangu zamani. Basi wewe unaongezwa jina kwenye namba iliyopo. Ni rahisi zaidi kuliko kuanza upya, kwa hiyo muulize mwenye shamba kama anaijua namba yake kabla haujaenda.

Kama unalima kwenye bustani za pamoja zinazoendeshwa na shirika la wakimbizi, muulize msimamizi wao aandike barua inayotaja kipande chako. Usikubali jibu la "shirika lenyewe limesajiliwa" kwa sababu malipo yanamfuata anayebeba hasara, yaani yule ambaye mazao ni yake na yakioza ni yake. Kama mboga ni zako unauza mwenyewe, mkulima ni wewe.

Kuhusu makaratasi ya uhamiaji, mwenye grini kadi anahesabiwa sawa na raia kwenye haya malipo. Usijiondoe mwenyewe kwa kudhani ni ya raia tu, nimekutana na watu zaidi ya mmoja waliojiondoa hivyo, na mmoja wao alikuwa na kadi mfukoni siku hiyo hiyo tunaongea.

HATUA YA PILI: LILE FURUSHI LA FOMU

Usiogope majina, ni namba tu. Kwa CFAP ya kwanza fomu yenyewe ya maombi ilikuwa AD-3114, ya pili ikawa AD-3117, humo unajaza ulichokuwa nacho au ulichouza. Lakini nyuma yake kuna zingine ambazo zinabaki kwenye faili lako na zinatumika tena programu nyingine zikija, na hizo unaweza kuzijaza saa hii bila kungoja janga lolote.

AD-2047 ni taarifa zako tu, jina, anuani, simu. Andika jina kama lilivyo kwenye kadi ya soshali, sio lile la nyumbani, maana majina yetu yana mchezo wa kugeuka, la baba linakuwa la kwanza la kwanza linakuwa la mwisho, halafu hela zinakataa kuingia benki kwa sababu majina hayafanani.

CCC-941 ni ya kipato, unathibitisha kwamba wastani wa kipato chako hauzidi dola 900,000 kwa mwaka na unaruhusu watu wa kodi wa IRS wahakikishe. Ndio najua, mtu wa mchicha kusaini kwamba hapati laki tisa za dola ni kichekesho, lakini usipoisaini haulipwi, na hii ndiyo fomu watu wanaisahau kuliko zote kwa sababu wanaona haiwahusu. (Kwa CFAP aliyezidi hapo alikuwa bado analipwa kama robo tatu ya kipato chake inatoka kwenye kilimo. Haya hayo ni ya wakubwa.)

AD-1026 unaahidi kwamba haulimi kwenye ardhi inayomomonyoka kirahisi bila mpango wa kuihifadhi, na haukaushi maeneo oevu ili ulime. Isome, maana hii ni ahadi kweli, ukivunja wanakudai urudishe hela zao.

SF-3881 ni ya benki, hela ziingie moja kwa moja.

Halafu ipo CCC-860, hii ni ya kusema wewe ni mkulima mpya, maana yake umelima miaka 10 au pungufu, au mwenye kipato kidogo, au mwanajeshi mstaafu. Kuna watu wamelima Uvira kule Kongo miaka ishirini wanaona aibu kujiita wapya, sasa bana hapa wala hakuna sifa ya kupewa, nenda ofisini wakueleze miaka wanaihesabuje kwa mtu aliyelima nje, wakisema unaingia basi jaza. Mkulima mpya anasamehewa ada ya NAP, hiyo ni kama bima ya mazao ambayo hayana bima ya kawaida, na mboga zetu nyingi ziko huko. Ada ni dola 325 kwa zao kwa hiyo kusamehewa sio kitu kidogo. Ile ya msingi inakulipa kama mavuno yameanguka chini ya nusu kwa sababu ya hali ya hewa, kwa asilimia 55 ya bei ya soko. Sio tajiri lakini sio sifuri.

HATUA YA TATU: DAFTARI

Hesabu za CFAP ya pili nitazieleza kwa sababu zinaonyesha kwa nini daftari ni hela.

Mboga, matunda, maua, mbuzi na vitu kama hivyo vilihesabiwa kwa mauzo ya 2019, mwaka kabla ya korona. Dola 49,999 za kwanza unapata asilimia 10.6. Kuanzia 50,000 hadi 99,999 ni 9.9, halafu inaendelea kushuka mpaka 8.8 kwa waliouza zaidi ya milioni. Aliyeanza kulima 2020 alitumia mauzo ya 2020.

Dada mmoja tunasali naye, analima lengalenga, bilinganya na pilipili, hesabu yake ilikuwa hivi. Mboga mbichi aliuza dola 14,000. Pilipili ya kusaga anayoweka kwenye chupa, ile kali kweli, aliuza 3,000. Yeye alidhani ni 17,000 mara 10.6. Hapana, kilichosindikwa hakihesabiwi, ni zao ghafi ulilolima wewe mwenyewe tu, na vile vitu unavyonunua kwa jumla na kuuza tena mezani kwako navyo havimo. Kwa hiyo 14,000 mara 10.6 ni dola 1,484. Alilipwa kwa sababu alikuwa na daftari la shule, lile la mistari, kila jumamosi kaandika tarehe, soko, kitu gani, kiasi gani, cash ngapi na zile za kadi za msaada wa chakula ngapi. Kingereza chake kibovu kama changu lakini namba hazina lugha.

Jirani yake kwenye viwanja vile vile, na naamini alikuwa anauza zaidi yake, hela zote alikuwa anaweka mfuko wa aproni na jioni anapitia dukani kununua vitu vya nyumbani. Alipoulizwa mwaka jana umeuza ngapi akasema "nyingi". Afisa hawezi kuandika nyingi.

Kwa hiyo andika mauzo kila siku ya soko na utenganishe mbichi na kilichosindikwa, na usichanganye ulicholima na ulichonunua kuuza. Kama una simu piga picha ukurasa kila mwisho wa wiki ujitumie WhatsApp mwenyewe, daftari likilowa na mvua unayo.

Wafugaji wao ni tofauti, kule ni kuhesabu vichwa kwa tarehe. CFAP ya kwanza ndama wa nyama chini ya pauni 600 aliyeuzwa kati ya 15 Januari na 15 Aprili 2020 alilipiwa dola 102, na ambaye hajauzwa walichukua idadi kubwa kuliko zote uliyokuwa nayo siku yoyote kati ya 16 Aprili na 14 Mei, dola 33 kwa kichwa. Ya pili ikawa dola 55 kwa ng'ombe wa nyama kwa idadi kubwa kati ya 16 Aprili na 31 Agosti, ila wa kuzalisha hawahesabiwi. Nguruwe 23, kondoo 27. Sasa niambie, kama haujaandika ng'ombe wangapi walikuwepo tarehe fulani mwezi wa tano, miezi minne baadaye utakumbuka vipi nani alikuwa amezaliwa nani alikuwa ameshauzwa? Andika kila anayezaliwa, anayekufa, anayeuzwa, na uzito wake, tunza risiti za mnada na za daktari wa mifugo.

Wa mahindi na soya na ngano wao ni eka, kwa hiyo wanatakiwa kuripoti eka kila msimu kwenye fomu FSA-578, mazao ya kupanda masika tarehe ya mwisho kwa maeneo mengi ni 15 Julai. Hata wa mboga nakushauri uripoti. Na wale wa eka walipata nyongeza ya dola 20 kwa eka mwaka 2021 bila kuomba tena, iliingia benki yenyewe, ni kwa sababu wamo kwenye kompyuta.

HATUA YA NNE: SIKU YA KUSAINI

CFAP ilikuwa ya kujithibitishia mwenyewe, yaani wanakuamini unachoandika na wanalipa, halafu baadaye wanachagua baadhi ya watu na kuwaambia leteni ushahidi. Watu wakaona ni shamba la bibi. Usithubutu kuongeza namba, saini yako ni kiapo, na unatakiwa kutunza rekodi miaka 3 baada ya hapo. Mimi natunza zaidi, boksi la viatu halili chakula.

Kuhusu lugha, ukipiga simu kuomba miadi sema mwanzoni kabisa unahitaji mkalimani wa kiswahili na uulize kama wanaye, wakati wa korona mkalimani wa simu alikuwa bure. Hata hivyo nenda na mtu wako anayejua kilimo. Siku moja mkalimani wa simu mzuri tu, mtu wa mjini nadhani, alitafsiri "mbuzi majike ya kuzalisha" kama mbuzi wa maziwa, ofisa akaanza kutafuta lita. Tulicheka baadaye, siku ile hatukucheka.

Usitume mtoto wa miaka kumi na mbili akutafsirie fomu ya kiapo. Tunafanya sana hii.

HATUA YA TANO: HELA ZIMEINGIA, HALAFU?

Ni kipato. Mwezi wa kwanza unaofuata utapata karatasi ya 1099-G kwenye barua, ile usiitupe ukadhani ni matangazo, peleka kwa anayekufanyia kodi, na mwambie wazi kwamba ni malipo ya programu ya kilimo, yanaingia Schedule F, ile fomu ya kodi ya mkulima, mstari wa 4a. Wengi wanaotufanyia kodi mtaani hawajawahi kugusa Schedule F, wao ni W-2 ya mshahara na watoto basi. Na kama unalima unauza na haujawahi kujaza Schedule F, anza mwaka huu, kwa sababu ile programu nyingine ya korona iliyofunguliwa Januari 2023, PARP, ilikuwa inataka uonyeshe kwamba mapato yako ya kilimo 2020 yalishuka kwa asilimia 15 au zaidi ukilinganisha na 2018 au 2019. Sasa mtu ambaye kodi zake hazionyeshi kilimo chochote, atasema yameshuka kutoka wapi?

Ukipata barua inayosema umekataliwa, angalia tarehe juu. Kwa kawaida una siku 30 za kukata rufaa na njia zimeandikwa humo humo kwenye barua. Usiende kugombana dirishani, andika, weka nakala.

Kwa anayetaka kuanza wiki hii: tafuta ofisi ya FSA ya kaunti ambayo shamba lipo, sio kaunti unayolala, wengi tunaishi mjini tunalima kaunti ya pili. Piga simu kwanza upewe siku, ofisi nyingi zinafunga saa kumi na nusu jioni na saa ya chakula cha mchana usishangae ukikuta mlango umefungwa. Beba kitambulisho, kadi ya soshali, grini kadi kama ni yako, mkataba wa shamba, na cheki moja uliyoiandika VOID kwa ajili ya benki. Waambie unataka namba ya shamba na CCC-860. Na daftari lako libebe tu hata wasipoliuliza.